Hatua Thelathini Kutoka kwa Mla Kaa

Kosa letu la kwanza tulilitenda kwa haraka, na tulilitenda mbele ya watoto. Swala ya Alasiri tulikuwa tumekwisha kuiswali chini ya mwembe ulio karibu na ufuo, jua limeanza kupunguza ukali wake, na maji ya Hori ya Mida yamejaa hata yakagusa matawi ya chini ya mikoko. Mbele yetu palikuwa na fungu dogo la mchanga, ndilo pekee lililosalia nje ya maji, na juu yake walisimama ndege wapatao mia mbili, weupe kwa weusi, wamekazana bega kwa bega kama safu za msikitini siku ya Ijumaa. Tulikuwa na mitumbwi mitatu midogo ya plastiki, ile ambayo watu huiita kayaki. Mmoja wetu alikuwa na kamera shingoni. Basi tukapiga makafi kuwaelekea moja kwa moja.

Hatukufika hata nusu ya njia. Vichwa vilianza kuinuka upande mmoja wa kundi, kisha upande wa pili, halafu fungu zima likapanda juu kwa kishindo cha mbawa. Watoto walipiga makofi. Sisi wakubwa tulicheka kwa furaha ya kuona uzuri ule. Aliyenyamaza ni mzee mvuvi tuliyemwomba atuongoze, aliyekuwa nyuma yetu katika mtumbwi wake wa mti.

"Wanangu," akasema baada ya muda, "mmewaamsha watu usingizini. Sasa ngojeni muone watakaa wapi."

Tukangoja. Ndege walizunguka juu ya hori mara moja, mara mbili, mara ya tatu. Fungu lilikuwa dogo na sisi tulikuwa tumelikaribia, kwa hiyo hawakuthubutu kulirudia. Wengine walivuka mikoko wakaelekea upande wa baharini. Wengine walishuka, wakagusa mchanga, wakapanda tena. Mmoja, mwenye rangi ya kijivu zaidi kuliko wenziwe, alibaki peke yake akiruka huku na huko, akitoa mlio mwembamba usiokatika. Binti wa miaka kumi na mmoja aliyekuwa katika kayaki ya mbele aliuliza, "Babu, yule anamwita nani?"

"Anamwita mzazi wake," mzee akajibu. "Na mzazi wake naye, kama nyinyi mmemfukuza, hajui amsubiri wapi."

Mlio ule tuliusikia hata tulipokuwa tunavuta mitumbwi nchi kavu. Kabla ya Magharibi bado ulikuwa ukisikika. Makala haya hatukuyakusudia kuwa ya kuungama. Tulikusudia kuwapa wasomaji wa kurasa hizi fikra ya matembezi ya likizo, ya halali na ya gharama ndogo, ambayo baba, mama na watoto wanaweza kwenda pamoja. Matembezi hayo tutayaeleza. Lakini tumeona si haki kuyaeleza bila ya kusema tulivyoanza.

Hori ya Mida iko katika pwani ya Kenya, kusini ya Malindi, karibu na Watamu na magofu ya mji wa kale wa Gede. Bahari huingia ndani kwa mlango mwembamba, kisha hutanuka na kuwa uwanja mpana wa maji uliozungukwa na mikoko. Nyuma ya mikoko, upande wa bara, umesimama Msitu wa Arabuko-Sokoke. Eneo hili limo katika hifadhi ya bahari ya Watamu iliyotangazwa mwaka 1968. Maji yanapopwa, uwanja ule wote hugeuka kuwa tope na mchanga wenye kung'aa, uliojaa kaa, minyoo na konokono. Kwa macho ya mpita njia ni matope tu. Kwa ndege wa pwani ni karamu.

Na wengi wa waalikwa wa karamu hiyo si wenyeji. Vile vitwitwi vidogo vinavyokimbia kimbia pembeni mwa maji, ambavyo watoto wetu huvirushia mawe bila ya kufikiri, baadhi yao wamezaliwa Siberia, kaskazini kabisa, mahali ambapo jua la kiangazi halizami. Sululu mwenye mdomo uliopinda kama mundu naye hutoka kaskazini. Lakini aliyetuvuta sisi hata tukasafiri ni yule mweupe kwa mweusi, mwenye miguu mirefu ya rangi ya majivu na mdomo mzito mweusi kama koleo. Humu tutamwita mla kaa, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake kutwa, na usiku pia.

Mla kaa ana habari ambayo msomaji wa pwani hataisikia bila ya kuwakumbuka wazee. Huzaliana kuzunguka Bara Arabu na majirani zake: visiwa vya Farasan na Dahlak katika Bahari ya Shamu, kisiwa cha Bubiyan huko Kuwait, visiwa vya Uajemi, pwani za Imarati, Oman na Somalia. Huko huatamia kuanzia mwezi wa Aprili, jua linapokuwa kali kuliko wakati wowote. Kisha, kuanzia mwezi wa Agosti, makundi huanza kushuka kusini kufuata mwambao wetu, hata Mida, hata Unguja, hata maingilio ya Rufiji, na huko hukaa mpaka kusi inapokaribia kuanza, ndipo hurejea kwao. Majahazi ya zamani yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi. Ndege hawa huwahi kidogo kuja, lakini njia ni ile ile na bandari ni zile zile.

Wataalamu wa ndege wamemweka peke yake katika ukoo wake, kwa sababu hafanani kikamilifu na yeyote. Wenziwe wa pwani hutaga mayai kadhaa juu ya ardhi, yenye madoa ya kuyaficha, na vifaranga vyao huanza kutembea na kujitafutia chakula muda mfupi baada ya kuanguliwa. Yeye huchimba shimo refu mchangani, mita 1 hata 2, na mwisho wa shimo hutaga yai 1 tu, jeupe, kubwa kwa umbo lake. Joto la ardhi lenyewe husaidia kulea yai hilo. Waliopima ndani ya mashimo hayo walikuta kiasi cha nyuzi 35, wakati mchanga wa juu unaunguza nyayo. Kifaranga hubaki shimoni akiletewa chakula. Na akishakomaa akaruka, hata akasafiri safari ile ndefu ya kuja kwetu, bado humfuata mzazi wake ufukweni akimlilia amlishe. Ndiyo maana ya ule mlio mwembamba. Yule wa kijivu alikuwa mtoto.

Sasa turudi kwenye fungu la mchanga, maana hapo ndipo penye jambo. Sisi tulidhani ndege waliosimama tu, bila ya kula, hawana shughuli, na kuwarusha ni kuwachezesha. Kinyume chake ndicho kilicho sahihi. Maji yanapojaa chakula chote kimefunikwa, na ndege hana budi kusubiri hadi kipwe. Katika saa hizo kazi yake ni moja, kupumzika na kutunza mafuta aliyoyapata. Kila anapoinuka ghafla na kuzunguka, mafuta hayo huungua, na hawezi kuyafidia kwa kuwa meza imekwisha ondolewa. Mara moja haimuui. Lakini ikiwa kila alasiri kunakuja mashua ya wenye kamera, na kila alasiri anazunguka mara tatu, atafika mwezi wa Machi akiwa mwembamba, na mbele yake kuna safari ya bahari. Kitwitwi anayekwenda Siberia hali yake ni nzito zaidi, kwani ni lazima anenepe sana kabla ya kuondoka, na siku za kunenepa zina hesabu.

Mzee hakutueleza kwa maneno haya. Haya tuliyapata vitabuni baadaye. Yeye alisema tu, "Mgeni aliyelala haamshwi." Kisha akatuuliza leo ni mwezi ngapi. Tukamtajia tarehe ya simu. Akatikisa kichwa. Alitaka mwezi mwandamo.

Hapa ndipo tulipoona haya ya pili, kwa kuwa kalenda ya Hijra imetundikwa ukutani mwa kila nyumba yetu na hatukuwa tumefikiri kuitazama kwa ajili ya bahari. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na hupwa sana, na katika pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Ifikapo mwezi saba au nane, na tena ishirini na mbili au ishirini na tatu, maji huwa mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Siku za bamvua maji hujaa kiasi cha saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Kisha kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika zipatazo 50. Sisi tulikuwa katikati ya Rajab, bamvua limeshika. Tulikuwa tumechagua saa ya maji kujaa kabisa kwa sababu ndiyo saa iliyotufaa sisi na kayaki zetu.

"Kesho njooni mkishaswali Alfajiri na jua likitoka," mzee akasema. "Maji yatakuwa yanapwa. Ndege watakuwa wanashuka kula. Mtu anayekula hana wasiwasi kama anayelala. Lakini saa tatu lazima tuwe tumetoka, ama sivyo tutapwelewa."

Watoto hawakulijua neno hilo, kupwelewa, na walilifurahia sana. Mzee akawaeleza: ni chombo kukalia tope kwa kuwa maji yamekikimbia, na mwenye chombo kubaki hapo akiangaliana na kaa hadi bahari itakapomwonea huruma.

Usiku ule tulishauriana kama tuwapeleke watoto tena. Binti yule alikuwa amekataa chakula cha jioni, akisema hataki kwenda kuwatesa ndege. Tulimwambia kwamba tutakwenda kwa namna nyingine, na kwamba yeye ndiye atakayetuambia pa kusimama. Tulimwambia hivyo kumridhisha, tuseme kweli.

Asubuhi ilikuwa na ubaridi na hakuna upepo. Kayaki ina sifa ambayo chombo chenye mashine hakina, na hata mtumbwi wa mti wenye mtu aliyesimama na upondo hauifikii. Mpiga kafi ameketi karibu usawa wa maji. Macho yake hayapandi zaidi ya mita 1. Ndege hamwoni mtu mwenye miguu miwili anayemjia kwa urefu wake wote, na umbo hilo la mtu aliyesimama ndilo aliloliogopa tangu zamani. Anaona kitu kirefu, cha chini, kinachoelea kama gogo. Hakuna mvumo wala harufu ya mafuta wala wimbi la nyuma. Lakini sifa hiyo ni ya chombo tu. Kafi likiinuliwa juu likameta kwenye jua, au likagonga ubavu wa kayaki, gogo limekwisha kuwa mtu.

Mzee alitufundisha mambo machache, na tunayaandika kama alivyoyasema. Usimwelekezee ndege pua ya chombo. Pita kwa ubavu, kama mwenye safari zake. Usimkazie macho. Kafi liwe chini, liingie majini kama kisu kinavyoingia katika siagi. Ukikaribia, acha kupiga, maji yanayopwa yatakupeleka yenyewe. Akiacha kula na kuinua kichwa, umefika mwisho. Akianza kutembea kwenda mbali nawe, umepita mwisho. Na usijipitishe kati yake na maji ya kina wala kati yake na wenziwe. Tuliongeza sisi moja: kamera ibaki begani kwa robo saa ya kwanza.

Tulipita pembeni mwa mikoko ambako mdiria alikuwa amekaa juu ya mzizi, mgongo wa buluu, mdomo mwekundu, hakutujali hata kidogo. Heroe walikuwa mbali, mstari wa waridi chini ya msitu, na tuliwaacha mbali. Sululu mmoja alituona kabla hatujamwona, akaondoka kwa mlio wa kulalamika ambao tuliustahiki, kwa kuwa kafi la mmoja wetu lilikuwa limegonga jiwe.

Kisha kona ikafunguka na fungu la jana likawa mbele yetu. Sasa lilikuwa kubwa mara ishirini, kwa kuwa maji yalikuwa yakilikimbia pande zote. Mla kaa walikuwa wametawanyika juu ya tope, kila mmoja na eneo lake. Namna yao ya kuwinda ni ya mtu mwenye subira fupi: husimama kimya, hutazama, kisha hukimbia hatua tatu nne na kudunga. Kaa akinaswa hutikiswa mpaka miguu yake ing'oke, kisha humezwa.

Tuliacha kupiga makafi. Maji yalituchukua taratibu, bila ya sauti nyingine ila tope lile likinyonya na kutoa mapovu, mlio ambao msomaji aliyekulia pwani anaujua. Hatua mia. Hatua themanini. Tulisikia midomo ikivunja magamba. Katika hatua hamsini tuliona wazi jicho jeusi na lile doa dogo la weusi linalolizunguka, kama wanja. Na hapo tukamwona wa kijivu.

Hatuwezi kudai kwamba alikuwa yule yule wa jana. Alikuwa akitembea nyuma ya mkubwa mmoja, ameinamisha kichwa na kukunja mgongo, akilia mlio ule ule mwembamba. Mkubwa hakumtazama. Alikimbia, akadunga, akatikisa kaa, miguu ikaanguka moja moja, mtoto akasogea, mkubwa akameza mwenyewe. Wa katika kayaki ya pili akacheka kwa kuficha mdomo. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo. Mara ya tatu mkubwa alisimama na kaa aliyekwisha tayarishwa mdomoni, akageuka, na mtoto akampokonya kwa pupa hata nusura aanguke. Kisha mlio ukaanza tena upya, kana kwamba hajapewa kitu tangu azaliwe. Mama mmoja miongoni mwetu, ambaye amelea watano, alisema kwa kunong'ona kwamba hali hiyo anaifahamu.

Yule mwenye kamera alikuwa ameitoa. Tulikuwa kiasi cha hatua thelathini, mwanga uko nyuma yetu, na kumi zaidi zingetupa picha ambayo gazeti lolote lingeipamba ukurasa wa mbele. Tulishika makafi. Mkubwa aliinua kichwa. Hakuruka wala hakutembea, aliinua kichwa tu, na mtoto akanyamaza.

Binti akalaza kafi lake juu ya mapaja. Hakusema neno. Alitutazama mmoja mmoja, na sisi nasi tukalaza yetu. Tulikaa hivyo, maji yakitusogeza kwa ubavu kuelekea mkondo, mpaka mkubwa alipoinamisha kichwa na kurudi kazini.

Picha tuliyonayo inaonyesha madoa mawili juu ya tope, moja jeupe na moja la kijivu. Hatukuichapisha.

Kwa wanaotaka kwenda, maelezo ni haya. Nendeni kati ya Oktoba na Machi, kabla wageni hawajaondoka. Tazameni kalenda ya mwandamo kwanza, kisha mwulizeni mvuvi wa mahali hapo, kwa kuwa ndani ya hori maji huchelewa kidogo kuliko baharini. Maji yanayojaa ni salama zaidi kwa asiyezoea kuliko yanayopwa, ingawa huangukia saa za jua kali. Kila mtu, mkubwa na mdogo, avae jaketi la kujiokolea, hata anayejua kuogelea. Kina mama wamekuwa wakituuliza juu ya mavazi: buibui refu hujaa maji na kunasa miguuni, na mwenzetu aliona suruali pana, gauni la kufika magotini na mtandio uliofungwa nyuma vyatosha kwa stara na kwa usalama. Chukueni maji ya kunywa na darubini moja ya kugawana.

Asiyependa chombo hakukosa. Upande wa Sita kuna njia ya mbao iliyoning'inizwa kati ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia ndege, na mapato yake yamekuwa yakisaidia karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji vinavyopakana na msitu na hori, chini ya mpango ulioanza mwaka 2001. Tulikutana huko na kijana aliyetutajia majina ya ndege kwa lugha tatu bila ya kufungua kitabu.

Sisi tulichelewa kutoka, bila shaka. Saa tatu na nusu kayaki ya mwisho ilikalia tope, na ikatubidi tushuke tuiburute, tope likifika magotini, mzee akitusubiri mkondoni na kucheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Watoto walifurahi kuliko tulivyoweza kuwapangia. Walikuwa wamepwelewa, na neno walikuwa nalo.